Posa Iliyohitaji Mfasiri

Siku ile mjinga alikuwa Elpidio, na wala tusimtafutie mwenzi wa kugawana naye. Mwenyewe anakiri. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, fundi wa majokofu anayeweza kutega sikio kwenye mashine na kukwambia ni kipande gani kimelegea, alikaa sebuleni kwa watu akiwa na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, akakataliwa posa yake mbele ya mashahidi, na muda wote huo akatabasamu.

“Huo, Nay,” alikuwa akijibu. Ndiyo, Mama.

Akaambiwa hafai. “Huo, Nay.”

Akaambiwa afadhali binti azeeke na vitabu vyake kuliko kuishi naye. “Huo, Nay,” na safari hii akainamisha kichwa, kwa heshima.

Tumwonee huruma kidogo. Aliyekuwa akisema ni Nanay Salvacion, mama yake Delfina, binti aliyekuwa akiposwa, mzaliwa wa Jaro hapo Iloilo, na watu wa Iloilo wakisema ni kama wanambembeleza mtoto alale. Wakidai, wakilaani, wakimkimbiza mwizi wa kuku, sauti inapanda taratibu, inashuka taratibu, na mwisho wa maneno unavutwa kama sukari ya moto kwenye mwiko. Elpidio ni wa Batangas. Kwao mtu akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya tatu huacha kijiko chake na kuja kuamua ugomvi. Kwa sikio la namna hiyo, lililoshika neno moja katika matano, alichoimbiwa mchana ule kilikuwa kibali, baraka, na pengine tarehe ya harusi.

Kilichomzindua ni ukimya wa mshenga wake.

Mshenga huyo, Manong Custodio, alikuwa mzee mwenye ulimi unaosifika kuanzia Jaro hadi Molo, na kazi yake ilikuwa kuwasemea wanaume nyumbani kwa wakwe. Elpidio alimwendea siku ya Jumanne, akampa karatasi yenye yote aliyotaka kusema, kwa Kitagalog, lugha ya kwao, na mzee akayageuza kuwa lugha ya Iloilo, Kihiligaynon cha kale, chenye maua na mito na ndege ambao siku hizi hata hawapatikani. Alisema nusu saa nzima. Delfina alisimama kando ya mlango wa jikoni na gauni lake la manjano, asimtazame Elpidio hata mara moja. Elpidio akadhani ni haya.

Sasa Manong Custodio alikuwa anatazama viatu vyake.

“Manong,” Elpidio akamnong’oneza, “mbona hufasiri? Si mambo yamekwenda vizuri?”

“Toto,” mzee akajibu bila kuinua uso, “unaonaje tukianza kubeba sufuria?”

Sufuria ndiyo iliyokuwa roho ya shughuli. Upande wa mume huja na chakula chote, mpaka chumvi, mpaka barafu. Mama wa binti akifunua sufuria, watu wanakula na jambo limekwisha. Asipoifunua, mnairudisha kwenu imejaa, mtaa mzima umetoa vichwa madirishani. Na kwa Nanay Salvacion hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuja mara ya pili. Kabla ya Elpidio walikuja wawili, mmoja mwalimu na mmoja baharia. Sufuria ya baharia ilikuwa kubwa, ikabebwa na watu wanne kwenda, na watu wanne kurudi.

Ya Elpidio ilikuwa katikati ya meza: nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa fenesi na mbaazi. Mfuniko juu yake, kimya.

“Wanasemaje?” aliuliza Tiya Iluminada, na glasi zikatetemeka kabatini. Tiya Iluminada ni shangazi aliyemlea Elpidio tangu akiwa na miaka mitano. Alikuwa ametoka Batangas kwa meli, na mizigo miwili, kwa ajili ya mchana huu.

“Inday,” Nanay Salvacion alimwita binti yake, mpole kama maji ya kuogea mtoto. “Custodio amekaukiwa. Wewe ndiye mwenye cheti cha ufasiri. Njoo umfasirie mgeni wako.”

Nanay Salvacion Kitagalog anakijua. Kila jioni hutazama tamthilia za Manila na kuwakemea waigizaji kwa majina yao. Lakini siku ya posa, nyumbani kwake, alikuwa hakijui, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Delfina akaja, akasimama karibu na kiti cha mama yake, mikono juu ya kitambaa cha meza.

“Nitasema kama kazini,” alimwambia Elpidio. “Kanuni unaikumbuka.”

Aliikumbuka. Ndiko walikokutana, katika darasa la Delfina la Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, yeye na wageni wengine kumi na mmoja waliohamia Iloilo kwa kazi, kila mmoja na kijitabu alichokiandika Delfina mwenyewe kuwaingiza katika Kihiligaynon. Mfasiri, aliwafundisha, hasemi “mama anasema” wala “mzee anasema.” Anasema “mimi.” Mdomo ni wake, ila mimi ni ya mwenye maneno. Ndivyo alivyofanya mahakamani, ndivyo alivyofanya hospitalini kando ya vitanda vya wagonjwa, na hakuwahi kutia chumvi wala kupunguza pilipili.

“Sikutaki,” alisema Delfina.

Elpidio alijua ni maneno ya mama. Akili ilijua. Lakini mdomo ulikuwa ule ule uliowahi kumwambia, siku ya mvua chini ya paa la kituo cha mabasi ya jeepney, kwamba Kihiligaynon kina neno la kupenda, halafu kina neno jingine, palangga, la kumpenda mtu mpaka unamtolea samaki miiba kabla hajakaa mezani. Hilo la pili, alisema, hajapata kulifasiri vizuri mpaka leo. Na tangu siku ile Delfina alikuwa akimwita Pangga, kifupi cha neno hilo.

“Sikutaki,” aliendelea mdomo huo, “kwa sababu nimekukataa kwa robo saa nzima na wewe unacheka. Sina neno na kazi yako. Sina neno na Batangas. Lakini mtu asiyejua anapokataliwa, atajuaje mke wake anapoumia? Binti yangu hapigi kelele. Akikasirika, hupunguza sauti. Akiumia sana, huwa mtamu. Siku atakayokuwa mtamu kuliko zote, wewe utanyoosha miguu na kuagiza kahawa.”

“Nay, mimi...” Elpidio alianza.

“Hajamaliza,” alisema Delfina.

Nanay Salvacion alikuwa anatazama mfuniko wa sufuria, si watu. Akasema sentensi chache, zile zile za kubembeleza. Delfina akafumbua mdomo, akaufumba.

“Endelea, Inday,” mama alimwambia. “Si ndiyo kazi yako?”

“Mume wangu,” alisema Delfina kwa Kitagalog, na anayesemwa alikuwa baba yake mwenyewe, “alikuwa mtu mwema. Alitoka Ilocos, mgeni kama wewe, hakunipiga, hakuninyima. Aliishi nami miaka ishirini na sita akidhani ninaimba.”

Nje muuza taho, maziwa ya soya yaliyogandishwa na sukari, alipita akiita wateja, hakuna aliyegeuka.

Delfina hakulia. Sauti yake haikukatika popote. Ilikuwa laini, imevutwa mwishoni, tamu. Na Elpidio, kwa mara ya kwanza tangu avuke maji kuja Iloilo, aliusikia utamu ule ukamwingia baridi mgongoni. Kumbe Delfina hakujua. Kumbe mambo ya baba na mama yake anayasikia leo, mbele ya wageni, na ameyabeba hivyo hivyo kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuyaangusha.

“Na huyu dada,” Nanay Salvacion aliendelea, akimwelekezea Tiya Iluminada kidevu, “tangu aingie nyumbani kwangu ananigombeza. Hata supu yangu ameitukana. Nimeipika mwenyewe kwa mkono wangu, kumpa mtu aliyetoka safari. Nikimpeleka binti yangu katika ukoo huo, ataishi kama anaishi ndani ya radi.”

Delfina akafasiri na hilo. Tiya Iluminada akasimama, na kiti kikasimama naye.

“Nimemtukana nani? Mimi?”

“Tiya, kaa kwanza,” alisema Elpidio.

“Sikai! Supu nimeifanyaje?”

“Nay anasema uliitukana.”

“NILISEMA HII NI SUPU GANI HII! Nilisema nani kaipika, mbona mnanifanyia hivi! Sijala kitu kama kile tangu tumzike mama! Nilitaka kulia, nikaona aibu kulia ugenini! Sasa hilo nalo kosa?”

Manong Custodio alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kochi kama mtu aliyekutwa na tufani.

“Unaona?” alisema Nanay Salvacion kwa upole mkubwa, kwa Kitagalog, akisahau kwamba leo hakijui. “Anafoka tena.”

Elpidio alitazama upande huu, akatazama upande ule, na kitu kikamjia kwa namna ambayo hitilafu ya mashine humjia, si kwa kufikiri bali kwa kutega sikio. Wanawake wawili, wote wakwe watarajiwa, mmoja ameimba matusi na mwingine amefoka sifa, na hakuna hata mmoja aliyemsikia mwenzake. Hakuwa mjinga peke yake mle ndani. Ila yeye ndiye aliyelipia masomo.

Akakumbuka ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Haukuwa na salamu wala hesabu ya moja mpaka kumi, na wanafunzi walilalamika. Ulikuwa na agizo: nenda sokoni, simama, usisikilize maneno, tazama mikono. Delfina aliwapeleka soko la La Paz asubuhi moja, akawaonyesha wauza samaki wawili wakizungumza, akawauliza wale ni nani kwa nani. Elpidio alijibu haraka kuwa ni dada wawili wanaopendana. Walikuwa na kesi mahakamani, mwaka wa tatu. “Sauti zetu zimefundwa, Pidyo,” Delfina alimwambia huku anacheka mpaka anajishika ubavu. “Mikono haijafundwa. Tazama vile anavyompanga yule samaki.”

Leo, siku ya maisha yake, alikuwa ametazama dari, na mshenga, na shati lake. Mikono hakuitazama.

Akaitazama sasa. Mkono wa Delfina ulikuwa unanyoosha kitambaa cha meza. Kitambaa kilikuwa kimepigwa pasi, hakina hata mkunjo, na mkono ulipita, ukarudi, ukapita. Ulikuwa ukifanya hivyo tangu alipoitwa mezani. Na tangu Jumanne, Elpidio alipomweleza kwa fahari kwamba amepata mtu wa kumsemea, Delfina hakumwita Pangga. Alimwita Elpidio, jina zima, kama linavyoandikwa kwenye hati ya mahakama. Akamwambia, “Vizuri, Elpidio. Umefanya vizuri sana.” Kwa sauti tamu. Naye akaenda kununua shati.

“Nay,” alisema.

Delfina akageuka ili afasiri.

“Hapana,” Elpidio alimwambia. “Leo usinifasirie.”

Akasimama. Akachukua ile karatasi yake ya Kitagalog mbele ya Manong Custodio, akaikunja, akaitia mfukoni. Halafu akaanza kwa Kihiligaynon chake mwenyewe, Kihiligaynon cha Jumamosi saa tatu mpaka saa tano, kilichojaa matope.

“Nay. Mimi makosa. Wewe kataa mimi, mimi sema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mbuzi.”

Kicheko kilipita usoni pa Nanay Salvacion, kikazuiwa.

“Tiya yangu penda supu. Yeye penda kwa kelele. Kwetu mapenzi yote iko kelele. Bakuli ya Tiya, tazama.”

Nanay Salvacion akatazama. Bakuli lilikuwa jeupe, limekombwa mpaka ua la chini linaonekana. Akalitazama kwa muda. Kisha akamtazama Tiya Iluminada, ambaye alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kifuani, macho yamejaa maji ambayo hakuna aliyeyaona katika kelele zile.

“Bakuli si posa,” alisema Nanay Salvacion, ila alisema polepole, ili mwanafunzi aelewe. “Nilikuuliza habari ya binti yangu. Hapo alipo, yukoje?”

“Yeye kasirika,” alisema Elpidio.

“Nani kakwambia? Amekufasiria kila kitu, vizuri kabisa.”

“Mkono.” Akaonyesha kitambaa. Mkono wa Delfina ukasimama pale pale. “Mkono sema. Yeye kasirika mimi, siku ya Jumanne mpaka leo. Yeye fundisha mimi mwaka moja. Kila Jumamosi. Halafu siku kubwa, mimi chukua mdomo ya mtu ingine.” Akamgeukia mshenga. “Samahani, Manong. Mdomo yako zuri sana.”

“Hapana neno, Toto,” alisema Manong Custodio kutoka kwenye kona.

“Na sasa hivi yeye umia,” Elpidio aliendelea, sauti imeshuka, si kwa kuigiza, imeshuka tu. “Si mimi. Habari ya baba. Yeye sema maneno ile, sauti ikawa tamu. Mimi ogopa. Nay, mimi taka shika mkono yake, na hapa kuna watu.”

Delfina alikuwa ameinamisha uso. Akauondoa mkono kwenye kitambaa, akauacha ukining’inia pembeni mwake, tupu, kiganja kimegeuka kidogo kuelekea upande aliosimama Elpidio. Kwa watu wa Batangas hiyo si kitu. Elpidio alisogea hatua moja upande wake.

“Ni kweli, Inday?” mama aliuliza. “Tangu Jumanne?”

“Ni kweli, Nay.”

“Mbona hukumwambia?”

“Mbona wewe hukumwambia Baba?”

Lilikuwa swali la kunong’ona. Nanay Salvacion akavuta kiti chake mbele. Akaweka mkono juu ya mfuniko wa sufuria, akaupapasa ukingoni kama mtu anayepima joto la mtoto. Tiya Iluminada aliketi taratibu, kwa mara ya kwanza siku ile bila kishindo.

“Leo amebahatisha,” alisema Nanay Salvacion. Hakuwa akibembeleza tena. Sauti ilikuwa kavu, ya mwanamke aliyechoka, na Elpidio akaielewa yote. “Leo ana hofu, amevaa shati jipya, macho yamemtoka. Mtu mwenye hofu huona kila kitu. Baba yako naye siku ya posa aliona kila kitu. Ninyi mnaangalia leo. Mimi naangalia mwaka wa kumi. Amerudi kazini amechoka, kichwa chini, anakula. Huangalii mkono wa mtu ukiwa na njaa. Wewe uko upande wa pili wa meza, una neno limekukaba hapa, unampa wali kwa sauti ya upole.”

“Nay, mimi...” alisema Elpidio.

“Wewe nyamaza, unajitahidi lakini nyamaza. Namuuliza mwanangu.” Vidole vilikuwa vimeshika kishikio cha mfuniko, havijainua, havijaachia. “Siku hiyo itafika, Inday. Inafika kwa kila mtu. Utalia kwa sauti yetu hii, naye atadhani unaimba. Mimi nitakuwa huku Jaro, sina habari. Utafanyaje?”

Delfina alifuta shavu kwa mgongo wa mkono. Akamtazama Elpidio, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Akamtazama Tiya Iluminada na bakuli lake jeupe. Halafu akamgeukia mama yake.

“Siku hiyo, Nay, nitalia Kibatangas, na wewe utanisikia hapo hapo ulipokaa.”